Ad5 Afrika Kusini: Kosa Lililoonekana Mapema

Kirusi cha Ad5, yaani adenovirusi aina ya 5, kinajua kuingia kwenye seli. Kichwa cha unyuzi wake hukamata kipokezi CAR juu ya seli, pentoni hushika integrini, seli hukimeza, protini VI hupasua kifuko, na ganda hukokotwa hadi kwenye tundu la kiini. Hapo hakuna wa kulaumu. Wa kulaumiwa ni walioikabidhi Ad5, kama vekta (kirusi cha kubebea chanjo), jaribio la Phambili la chanjo ya VVU, Afrika Kusini, mwaka 2007. Walikosea, na dalili za kosa zilikuwa mezani kabla ya sindano ya kwanza.

Ilijulikana tangu awali kwamba watu wazima wengi kusini mwa Sahara wameshawahi kuambukizwa Ad5 na wana kingamwili zake. Safu hii haijachoka kurudia: watengeneza vekta wamezama mno kwenye unyuzi na CAR, wakaisahau heksoni, inayojenga kuta za ganda kwa vipande 240. Kingamwili nyingi zenye nguvu hulenga vitanzi vya heksoni hiyo. Zinaweza kukiacha kirusi kikamate kipokezi na kumezwa, kisha zikaingia nacho. Humo ndani protini ya seli iitwayo TRIM21 huzitambua na kuita proteasomu, mashine ya seli ya kuvunja protini, ije kulivunja ganda. Kukamata kipokezi, basi, si kufika kwenye kiini. Kweli, kazi hiyo ya TRIM21 ilielezwa mwaka 2010. Lakini mwaka 2006 majaribio ya panya na nyani yalikwishaonyesha kuwa ukibadilisha vitanzi vya heksoni, vekta ya Ad5 huikwepa kinga ya zamani. Somo lilikuwa limechapishwa, na bado iliyopelekwa Afrika Kusini ni Ad5 ile ile, na heksoni yake ile ile. Septemba 2007 jaribio la Step, lililotumia chanjo hiyo hiyo, lilisimamishwa: haikukinga, na wanaume waliochanjwa wakiwa na kingamwili za Ad5, au wakiwa hawajatahiriwa, walipata VVU zaidi kuliko wenzao wa kundi la plasibo. Phambili ikafungwa ikiwa na washiriki 801 kati ya 3,000 waliokusudiwa.

Watetezi husema Ad5 ilikuwa vekta iliyozoeleka na ilichochea seli T vizuri kwa nyani. Sawa, ila sifa hizo zilipatikana katika miili isiyoijua Ad5. Wengine husema hata wasio na kingamwili hawakukingwa. Nakubali, na hoja hiyo inazidisha lawama: chanjo ambayo uwezo wake haujathibitishwa haifai kubebeshwa hatari ya pili. Afrika Kusini haikusahau. Oktoba 2021 mamlaka yake ya dawa ilikataa kuidhinisha chanjo ya UVIKO-19 ya Sputnik V wakati huo, kwa sababu dozi ya pili hubebwa na Ad5.

Linganisha na waliotengeneza vidonge vya adenovirusi aina ya 4 na ya 7, walivyopewa askari wapya wa Marekani tangu 1971. CAR ilikuwa bado haijatambuliwa. Walichojua ni kwamba virusi hivyo huumiza njia ya hewa, lakini vikifunguliwa kwenye utumbo huzaana bila kuleta ugonjwa huo na huacha kinga. Wakavifunika kwa utando usioyeyuka tumboni. Walianza na mwili wa mpokeaji, ndipo wakachagua njia. Kanuni hiyo ndiyo ninayoidai: kingamwili za watu watakaochanjwa zipimwe kwanza, na vipimo hivyo viwe na nguvu ya kuikataa vekta, hata kama viwanda vimekwisha kuizoea.