Kupima Ubora wa Injini ya Beetle Iliyopanuliwa Kampala

Injini ya Volkswagen Beetle hupanuliwa kwa njia mbili: kuongeza kipenyo cha silinda, au kurefusha mwendo wa pistoni kwa kuweka krankshafti nyingine. Ya pili ni ya mwenye fedha nyingi. Krankshafti ya mwendo mrefu hudai bloku ichongwe kwa ndani ili konrodi zisigonge, pistoni za aina yake, na mara nyingi kamshafti mpya. Kwa bajeti ndogo, krankshafti ya kiwandani yenye mwendo wa milimita 69 hubaki ilivyo, na fedha huenda kwenye silinda na pistoni. Silinda za milimita 85.5 za Beetle 1600 hutoa cc 1,584. Za 87 hutoa 1,641, za 90.5 hutoa 1,776, za 92 hutoa 1,835, na za 94 hufika 1,915.

Mwinuko wa Kampala ndio unaoamua chaguo kati ya hizo. Jiji liko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa yake ni pungufu kwa asilimia 12 hivi ikilinganishwa na Mombasa. Injini hupata nguvu kulingana na hewa inayovuta, kwa hiyo Beetle 1600 hupoteza Kampala karibu sehemu moja ya nane ya nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu chake. Injini ya cc 1,776 ni kubwa kuliko ya cc 1,584 kwa asilimia 12. Mwenye kuijenga Kampala anarudisha, karibu kwa usawa kabisa, kile ambacho mwinuko ulichukua. Hiyo ni sababu tosha ya kuijenga, na ni sababu ya kutotazamia kwamba gari litakuwa la mashindano.

Lakini hewa hiyohiyo nyepesi ndiyo inayopoza injini. Feni husukuma ujazo uleule wa upepo huku upepo wenyewe ukibeba joto pungufu, na kwenye foleni ya Jinja Road feni huzunguka polepole kwa sababu inaendeshwa na injini iliyo katika mzunguko wa chini. Injini iliyopanuliwa huzalisha joto zaidi kupitia mapezi ya ukubwa karibu uleule. Ubora wa kazi ya fundi hupimwa hapo: je, fedha chache zilizokuwepo zilitumika kulidhibiti joto, au zilitumika kupata namba kubwa ya kutajia watu? Mwaka 1962 Tommy Fjastad alishinda mbio za magari za East African Safari kwa Beetle 1200, injini isiyozidi cc 1,200. Uimara uliolipatia gari hili jina Afrika Mashariki haukutokana na ukubwa wa injini.

Ukaguzi huanza kwenye bloku. Ni nusu mbili za aloi ya magnesi zinazokutana katikati, na krankshafti hulala kwenye vikao vya beringi vilivyomo kati ya nusu hizo. Magnesi ni nyepesi na hupitisha joto vizuri, lakini ni laini. Miaka mingi ya mapigo ya pistoni hupanua vikao, hasa cha kati, na beringi mpya ikiwekwa kwenye kikao kilichopanuka haikai imara wala haishikilii shinikizo la oili. Kidole hakiwezi kugundua jambo hilo. Linahitaji kipimo cha ndani chenye saa, kinachosoma sehemu za mia za milimita. Fundi bora huonyesha vipimo vya kila kikao alivyoandika kabla na baada ya kuchonga, na beringi zake huwa na kipenyo cha nje kinacholingana na mchongo huo. Anayesema bloku haikuhitaji kuchongwa aonyeshe vipimo hivyohivyo.

Nyufa hutafutwa kwanza nyuma ya silinda namba tatu, upande wa flaiwili, ambako bloku nyingi hupasuka. Kisha hutazamwa mashimo ya bolti ndefu zinazoshikilia hedi. Uzi wa magnesi hung'oka kwa joto, na bloku iliyotengenezwa vizuri huwa na vikuku vya chuma vyenye uzi vilivyopachikwa katika kila shimo. Katika mtaa wa Katwe kuna mafundi hodari wa kuchomelea, lakini ufa wa magnesi unahitaji gesi ya agoni na mkono uliozoea metali hiyo. Ufa uliozibwa kwa gundi ya chuma ni sababu ya kuikataa bloku bila majadiliano. Bloku za umri mdogo bado zinapatikana duniani: Beetle ilitengenezwa Mexico hadi Julai 2003, na Kombi ya Brazil ilitumia injini ya familia hii hadi 2005. Ikiwa bajeti inaruhusu kitu kimoja tu kiwe kipya, bloku ndiyo inayostahili.

Silinda za 87 huingia kwenye matundu yaleyale ya 85.5, kwa hiyo bloku haichongwi. Ni chaguo la heshima kwa mtu asiye na karakana ya kuaminika ya kukereza. Za 88 nazo huingia bila kuchonga, na ndiyo maana huuzwa sana kama njia ya mkato. Ukuta wake ni mwembamba mno, hupoteza uduara injini ikipata moto, ringi hushindwa kuziba, na gari huanza kunywa oili. Seti ya 88, hata iwe mpya na ya bei nafuu, haifai kununuliwa. Za 90.5 zinahitaji bloku na hedi zichongwe, lakini ukuta wake ni mnene na hustahimili joto kwa miaka mingi. Za 92 ziko za aina mbili: zenye ukuta mwembamba zinazoingia kwenye tundu la 90.5, na zenye ukuta mnene zinazotaka tundu kubwa la 94. Muuzaji asiyeweza kusema ni aina ipi anauza hajui anachouza. Ukubwa wa 94 wenyewe huacha metali kidogo kuzunguka tundu, na kwa gari la kila siku la jijini faida yake haifidii hasara hiyo.

Katika soko la Kisekka, karibu na Nakivubo, seti zilizotumika hupangwa pamoja na mpya, na wakati mwingine pistoni za injini mbili tofauti hufungwa kama seti moja. Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu hufichua hilo papo hapo: tofauti kati ya pistoni nyepesi na nzito katika injini moja isizidi gramu 10. Konrodi hupimwa vivyo hivyo. Silinda hupimwa kipenyo mahali pa juu, katikati na chini, kisha kwa mzunguko wa robo duara, na ringi huingizwa moja moja ndani ya silinda yake ili mwanya wake upimwe. Ni kazi ya mchana mzima. Injini iliyofanyiwa kazi hiyo hutambulika, kwa sababu kila pistoni ina alama ya silinda yake.

Krankshafti ya kiwandani inatosha kabisa kwa cc 1,776, mradi sehemu zake zinazozunguka ndani ya beringi ziwe laini na za duara. Kipimo kinachotenganisha mafundi ni mchezo wa krankshafti mbele na nyuma, unaorekebishwa kwa shimu tatu nyuma ya flaiwili. Unapaswa kuwa kati ya milimita 0.07 na 0.13, ukipimwa kwa saa iliyobanwa kwenye bloku. Nati kubwa ya flaiwili hukazwa kwa karibu nyutoni-mita 340, nguvu isiyoweza kukisiwa kwa kurukia bomba lililochomekwa kwenye spana. Karakana isiyo na kifaa cha kukaza kwa kipimo haikupaswa kuifunga injini hiyo.

Hedi zinastahili muda mwingi. Zile za milango miwili za 1600 zina valvu za milimita 35.5 za kuingiza na 32 za kutoa, na hupasuka kati ya kikao cha valvu na tundu la plagi. Kuzichonga zipokee silinda za 90.5 hupunguza metali mahali hapohapo, kwa hiyo hedi iliyowahi kupasuka haifai tena kuchongwa. Baada ya kuchongwa, ujazo wa chumba cha mwako hubadilika na lazima upimwe: chumba hufunikwa kwa kipande cha plastiki kinachopitisha mwanga chenye tundu dogo, kisha hujazwa mafuta ya taa kwa sirinji. Mfano unaonyesha uzito wa jambo hili. Silinda moja ya injini ya 1,776 ina cc 444. Chumba kikiwa cc 54, na pistoni ikisimama milimita 1.3 chini ya ukingo wa silinda, nafasi hiyo huongeza cc 8.4, na uwiano wa mgandamizo huwa 8.1 kwa 1. Chumba kikiwa cc 48 na pistoni milimita 1 chini ya ukingo, uwiano hupanda hadi 9.2, na petroli ya kawaida huanza kugonga. Hewa ya Kampala husamehe kidogo, lakini gari la namna hii huja kushuka hadi Mombasa siku moja, na huko msamaha huo haupo. Uwiano unaokaribia 8 ndio wa busara, na fundi aliyeupima ataweza kuonyesha hesabu yake.

Kwenye mfumo wa kupoza ndipo injini nyingi za Kampala huharibikia, na ajabu ni kwamba marekebisho yake ni rahisi. Mabati yanayoongoza upepo, hasa yale madogo yaliyo chini kati ya silinda, hutupwa injini inapofunguliwa kwa kudhaniwa mapambo. Bila hayo upepo hukwepa upande wa chini wa silinda. Mpira unaozunguka chumba cha injini hutenganisha hewa safi ya juu na ya moto ya chini. Ukichanika, feni huvuta upya hewa iliyokwisha kupata moto. Kipoza oili cha zamani husimama katikati ya mkondo wa upepo na kuinyima silinda namba tatu, ndiyo maana Volkswagen ilikihamisha kutoka kwenye mkondo huo kwa mifano ya 1971. Injini iliyopanuliwa isiyo na kipoza cha muundo huo mpya ina kasoro, hata kama kila kingine ni kizuri. Oili ya kiwandani ni lita 2.5 tu na huchujwa kwa wavu pekee. Kichujio halisi kilichounganishwa kwenye pampu ni gharama ndogo inayolipa, hasa kwa vumbi jekundu la barabara za Uganda.

Kabureta moja ya kiwandani huiendesha 1,776 kwa upole; mbili ndogo huilisha vyema zaidi. Kwa vyovyote, jeti za usawa wa bahari humwaga petroli nyingi mno katika mwinuko huu. Plagi yenye rangi ya kahawia isiyokolea huonyesha kwamba jeti zimechaguliwa kwa hewa ya hapa.

Injini ikisimama tayari, kipimo cha kompresheni husomwa kwa tahadhari. Namba za kitabu ni za usawa wa bahari, na Kampala kipimo husoma chini bila kasoro yoyote. Kinachohesabika ni silinda nne kukaribiana. Shinikizo la oili nalo liwe angalau baa 2 kwa mizunguko 2,500, oili ikiwa nyuzi 70. Jaribio zuri la barabarani ni kupanda kilima cha Kololo mara baada ya foleni ndefu, kisha kuiacha injini izunguke polepole: taa ya oili isimemeteke.

Baada ya kilomita 500 za mwanzo oili hubadilishwa na mianya ya valvu hupimwa injini ikiwa baridi, milimita 0.15 kila moja. Mwanya wa valvu ya kutoa moshi ya silinda namba tatu ukikutwa umepungua, hurekebishwa na kupimwa tena muda mfupi baadaye. Ukipungua mara ya pili, valvu inarefuka au kikao chake kinazama, na hedi hufunguliwa kabla gari halijaendeshwa tena.