Mtoto Kwenye Makaa

Silas Marner, mfumaji wa kitani, ana mtoto wa miaka mitatu, Eppie, na hajui amfanye nini. Jirani yake, Dolly Winthrop, kamshauri: ama amchape, ama amfungie stoo ya makaa ya mawe. Silas hana moyo wa kuchapa. Siku Eppie anapoukata kwa mkasi utepe aliofungwa nao kwenye kitanda cha mfumi, akatorokea kidimbwini, anatiwa stoo. Dakika moja tu, kisha anatolewa, anaogeshwa, anavishwa nguo safi. Baba anageukia kazi yake. Kutupa jicho, mtoto kesharudi makaani mwenyewe, uso mweusi ti, anachungulia kwa furaha.

Hapo ndipo Silas anakuwa baba. Ameshindwa, na amekubali kushindwa.

George Eliot, ambaye jina lake halisi ni Mary Ann Evans, aliichapisha riwaya hiyo, Silas Marner, mwaka 1861, na hadi leo ni vigumu kupata somo bora zaidi la namna ya kumuumba baba asiyejitakia ubaba. Fundi mwenye haraka angempa Silas huruma tangu ukurasa wa kwanza. Eliot anamnyima. Anampa miaka 15 ya upweke kijijini Raveloe, baada ya kusingiziwa wizi na watu wa kanisa lake, na kazi ya kuhesabu dhahabu usiku. Kisha dhahabu inaibwa. Mtoto anapoingia kutoka kwenye theluji, ambako mama yake amekufa, Silas mwenye macho hafifu anaona kitu cha manjano mbele ya moto na kudhani mali yake imerudi. Ananyoosha mkono aguse sarafu, anagusa nywele. Kinachoupeleka mkono ule ni tamaa, na Eliot haionei haya.

Charles Portis alilijua hilo pia. Katika True Grit, ya mwaka 1968, Mattie Ross wa miaka 14 anamkodi Rooster Cogburn, askari mlevi mwenye jicho moja, amsake muuaji wa baba yake. Ni biashara, tena mzee anajaribu kumwacha ng'ambo ya mto. Binti anavuka na farasi wake. Baadaye, Mattie akiwa ameumwa na nyoka, Rooster anamkimbiza farasi huyohuyo mpaka anamfia njiani, kisha anambeba binti mwenyewe. Neno la mapenzi halitamkwi.

Kwa msomaji wa pwani yetu, mtu wa aina hii ana jina: Khalifa, karani wa mfanyabiashara katika Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, ya mwaka 2020. Ni mnung'unikaji, mpenda umbea wa barazani, hana mtoto. Msichana Afiya, aliyeachwa na kaka yake aliyejiunga na askari wa Wajerumani, anapigwa vibaya huko alikorudishwa kulelewa. Kwa bahati anajua kuandika. Anamfikishia Khalifa kikaratasi chenye maneno machache, na yule mzee wa malalamiko anakwenda kumchukua.

Gurnah hamgeuzi malaika kwa hilo. Miaka inapita, kijana Hamza anatokea bila ndugu wala makazi, na Khalifa anampokea kwa ukali na maswali mengi, kama anayedai deni. Kisha anampa pa kulala.