Sifa za Fundi Lipu

Watu wakiulizwa habari ya sanaa katikati ya jiji la Dar es Salaam, wengi hutaja Sanamu ya Askari. Ni haki yake. Tangu mwaka 1927 yule askari wa shaba amesimama pale Barabara ya Samora inapokutana na Mtaa wa Azikiwe, bunduki mkononi, singe ikielekea bandarini, na hakuna mgeni wa mjini asiyewahi kuelekezwa kwa kutumia jina lake. Lakini yeye alisubiwa Uingereza, akaletwa kwa meli akiwa tayari. Sanaa iliyofanywa hapa hapa, kwa mchanga wa hapa na kwa jasho la hapa, iko mitaa michache tu kutoka aliposimama, na maelfu hupita chini yake kila siku bila kuinua macho. Iko juu ya milango ya maduka ya Uhindini, kuanzia Mtaa wa Jamhuri hadi Kisutu. Ni kazi ya fundi lipu.

Fundi lipu hana sifa kubwa kwetu. Huitwa mwishoni, mwashi akishamaliza kuta na fedha za mwenye nyumba zikiwa zimeanza kukauka, aje kusawazisha na kuficha makosa ya wenzake. Wenye maduka waliojenga Uhindini wakati wa Waingereza walimtaka zaidi ya hapo. Walijenga nyumba za ghorofa moja au mbili, duka chini, familia juu, na uso wa nyumba ulitazamana na mtaa mzima. Kwa hiyo fundi aliambiwa aandike pale juu mwaka wa kujengwa, jina la ukoo au la mzazi, kisha aongeze ua la yungiyungi, miale ya jua linalochomoza, au mwezi na nyota, kufuatana na dini na moyo wa mwenye nyumba. Yote hayo yalifanywa kwa saruji, chokaa, mchanga na maji.

Itazame kwa karibu nyumba mojawapo iliyobaki. Roshani imetokeza juu ya njia ya waenda kwa miguu, na mvua ya masika ikishuka ghafla watu hujazana chini yake, muuza kahawa na mteja wa benki bega kwa bega. Juu ya kila dirisha kuna ukingo wa lipu wa kuzuia jua la saa nane. Chini ya ukingo huo, ukichungulia vizuri, utaona mfereji mwembamba, upana wa kidole, umepita kutoka mwanzo hadi mwisho. Asiyejua hudhani ni pambo. Kumbe ndio unaokata maji ya mvua yadondoke chini badala ya kurudi na kutambaa ukutani. Fundi aliyeuchora aliufikiria ukuta huo miaka hamsini mbele. Kichwani kabisa mwa nyumba kuna tarakimu nne zilizotuna, kila moja na kivuli chake, nazo husomeka kutoka upande wa pili wa barabara.

Namna ya kufanya kazi hiyo inastahili kuelezwa, maana ukuta ukishakauka hauonyeshi taabu iliyopita. Ukingo wenye mikunjo haufinyangwi kwa mkono. Fundi hukata kipande cha bati kwa umbo analolitaka, akakipigilia kwenye ubao, kisha akafunga fito iliyonyooka ukutani iwe njia ya ule ubao. Hurusha lipu, akavuta ubao kutoka pembe hadi pembe. Hurusha tena, akavuta tena, na kila mvuto mikunjo huzidi kujaa mpaka mwishoni anapita na niru laini. Akisita katikati, alama hubaki. Jua nalo lazima likwepwe: ukuta unaotazama mashariki hupigwa alasiri, wa magharibi hupigwa asubuhi, na kazi iliyokwisha hufunikwa magunia yaliyoloweshwa ili isikauke upesi ikapasuka. Mchanga wa ufukweni haufai, kwa kuwa chumvi yake hupanda ukutani baadaye na kubandua rangi.

Herufi zina saa yake. Nimewahi kumwona mzee mmoja akirudishia maandishi yaliyomomonyoka juu ya duka, na saidia fundi wake, kijana mwenye haraka, amekwisha shika kisu kidogo.

"Mzee, nikate?"

"Subiri, mwanangu. Bado unatoa jasho."

Aliubonyeza ukuta kwa kidole gumba, akangoja, akabonyeza tena. Ukikata lipu ikiwa mbichi, ukingo wa herufi huporomoka. Ukichelewa, humeguka vipande. Katikati kuna muda mfupi ambao inakatika vizuri, na muda huo hauonyeshwi na saa wala na kitabu. Alipotoa ruhusa alisema neno moja tu, "Haya," na kijana akakata.

Ufundi huu una mizizi mirefu katika pwani yetu. Katika nyumba za mawe za Lamu, watu wa karne ya 18 walijaza kuta za chumba cha ndani kwa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, na lipu ya chokaa ikachorwa nakshi kabla haijashika. Hiyo ilikuwa sanaa ya familia na ya wageni wa heshima. Nje, nyumba ileile ilionyesha ukuta mtupu na mlango. Ninachokipenda Uhindini ni kwamba huko lipu ilitoka nje. Hata mpagazi aliyepita na mzigo kichwani, asiyekuwa na ruhusa ya kupanda ngazi za nyumba ile, aliwekewa ua la kutazama na kivuli cha kupumzikia.

Mabadiliko hayakuja siku moja. Sheria ya mwaka 1971 ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na nyumba nyingi za katikati ya jiji zikawa mikononi mwa umma. Sheria hiyo ilikuwa na hoja yake ya haki, wala sitaki kuibeza. Ila ua la ukutani lilipoteza mwenyewe: mpangaji hakuona sababu ya kuligharamia, na nyufa zikazibwa kwa lipu ya bapa. Kisha viwanja vikapanda bei, nyumba za ghorofa mbili zikabomolewa, na minara ya vioo ikainuka mahali pake. Haraka ile ya kujenga ilikuwa na gharama nzito kuliko nakshi. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36.

Sichukii ghorofa ndefu. Jiji la mamilioni haliwezi kuishi katika nyumba za ghorofa mbili. Kinachoniuma ni sehemu ya chini ya ghorofa hizo. Mnara mpya humpa mpita njia ukuta wa maegesho, geti la mlinzi na vioo vinavyorudisha jua usoni mwake. Roshani hakuna, kivuli hakuna, na hakuna mahali ambapo jicho linaweza kutua na kujua kwamba mtu fulani alikaa hapo siku nzima akifikiri.

Na mikono bado ipo! Ingia katika nyumba mpya za Tegeta, Mbezi au Kigamboni, tazama dari: maua ya jipsamu, mikunjo juu ya mikunjo, taa zimefichwa ndani ya kingo. Vijana wanaofanya kazi hizo wana jicho na subira. Sanaa imerudi sebuleni, kama ilivyokuwa Lamu, na mtaa umenyimwa.

Zanzibar wameonyesha kwamba sanaa hiyo inaweza kurudishwa barabarani. Ile zahanati ya zamani ya mbele ya bahari, iliyoanza kujengwa mwaka 1887 kwa fedha za mfanyabiashara Tharia Topan, ilikuwa imechakaa vibaya kabla ya Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni kuikarabati katika miaka ya 1990. Mafundi walirudi kwenye chokaa, kwa kuwa ukuta wa mawe ya matumbawe ukivikwa saruji ngumu hufungia unyevu ndani na kuoza taratibu. Leo mapambo yake ya lipu yanaonekana na kila anayepita kwenda bandarini.

Kwa Dar es Salaam naomba jambo dogo. Anayepewa kibali cha kujenga mnara mahali palipokuwa na nyumba ya zamani, apige picha na vipimo vya nakshi zote kabla nyundo haijashuka. Ghorofa ya kwanza itokeze juu ya njia, iwape watu kivuli. Ukuta wa chini, ule unaofikiwa na macho na mikono ya mpita njia, upewe fundi lipu, kwa malipo ya fundi na si ya kibarua. Mwaka uandikwe juu ya mlango kwa tarakimu zilizotuna. Halafu pembeni, mahali ambapo mafundi wa Uhindini hawakuachiwa nafasi hata moja, liandikwe jina la aliyezikata.