Saa ya Kugeuza

Julai si mwezi ambao mwenyeji wa pwani angemchagulia mgeni wake kwenda naye baharini. Kusi inakuwa imeshika mkazo, na Mamlaka ya Hali ya Hewa haichoki kutangaza tahadhari: upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa, mawimbi yanayozidi mita 2, watumiaji wa bahari wachukue hadhari. Lakini likizo tuliipata kipupwe, basi tukashuka kipupwe hichohicho, mimi kutoka Endulen na mwenzangu kutoka Karatu, mpaka Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kwa rafiki yetu tuliyesoma naye. Mjomba wake ni nahodha wa ngalawa. Tulikwenda kuvua, na samaki tulipata. Ninachotaka kukiandika hapa ni ufundi wenyewe, kwa sababu sijaona kazi ya mikono inayodai akili ya mtu kama ile, na sijasikia ikisifiwa kwa kiasi inachostahili.

Sisi watu wa Ngorongoro, ambao alfajiri ya Julai tunaamka ndani ya ukungu na mashuka mawili begani, tulidhani baridi ya pwani ni maneno tu. Kumbe ukikaa ndani ya ngalawa kabla jua halijachomoza, nguo zimeshalowa, kusi inakupiga ubavuni na huna pa kusimama ujinyooshe, baridi hiyo inaingia mpaka kwenye mifupa. Wenyeji wetu walijifunga vikoi juu ya majaketi, wakanyamaza.

Ngalawa huanza na mwembe. Fundi anatafuta mti mnene ulionyooka, anaukata, analichimba gogo kwa shoka kisha kwa tezo mpaka zibaki kuta nyembamba. Akipitiliza pigo moja, kazi ya siku nyingi ina tundu. Umbo linalotoka ni la kujibana: nilipokaa ndani, magoti yangu yaligusa pande zote mbili. Chombo cha namna hiyo kikiachwa peke yake hakibebi tanga. Upepo kidogo tu ungekilaza. Ndipo yanapokuja matengo, mbao mbili, moja kila upande, zinazoshikwa na miti miwili inayokingama juu ya ngalawa, mirengu. Upepo ukiisukuma ngalawa kuilaza, tengo la upande ule linakanyaga maji na kukataa. Kwa sababu ya ubao ule, mvuvi anathubutu kutweka tanga lililo kubwa kuliko chombo chenyewe.

Nilivitazama sana vifungo vya mirengu. Hakuna msumari. Ni kamba, mzunguko juu ya mzunguko, imekazwa mpaka imezama kidogo kwenye mti. Kila wimbi linapopita linaisokota ngalawa, upande huu unapanda, ule unashuka. Msumari ungeupasua mti, lakini kamba inalegea unywele mmoja na kurudi mahali pake. Kila jioni Mjomba alivipitishia mkono vifungo vile, kimoja baada ya kingine, akibonyeza kwa dole gumba. Asubuhi alivirudia, ingawa usiku kucha hakuna aliyeigusa ngalawa.

Matengo haya ni ya ukoo wa mbali. Vyombo vyenye mbao za ubavuni vimejaa katika visiwa vya kusini mashariki mwa Asia na Pasifiki, na watu walioijaza Madagaska wakitokea pande hizo walikuwa mabaharia wa vyombo vya jamii hiyo. Komoro wanaviita galawa. Kaskazini ya mbali kabisa, Wainuiti wa Greenland walitatua shida ileile ya chombo chembamba kwa njia tofauti: kayaki yao ilikuwa fremu ya mbao iliyovikwa ngozi za sili, ikapimwa kwa mwili wa mwenyewe, na mwindaji akipinduliwa na wimbi la barafu alijirudisha juu kwa pigo la kafi bila kutoka ndani. Leo kayaki za plastiki zimeenea, na wako marafiki Ulaya na Marekani wanaotoka nazo kuvua katikati ya majira yao ya baridi, kila mtu na yake. Nawaheshimu. Ila mimi naipenda zaidi ngalawa kwa sababu haimkubali mtu mmoja katika upepo mkali. Mmoja ashike usukani, mwingine ashike demani, yaani kamba inayolikaza na kulilegeza tanga, na wa tatu awe tayari kupanda juu ya mrengu wa upande wa upepo, akae pale nje juu ya maji, uzito wake uizuie ngalawa isielemee. Kazi hiyo ya tatu tuliachiwa sisi watu wa bara, kwa zamu.

Silaha yetu ilikuwa mshipi: uzi wa nailoni uliozungushwa kwenye kipande cha ubao, chubwi ya risasi, ndoana, na chambo cha ngisi aliyekatwa vipande virefu. Hakuna fimbo wala gurudumu. Anayedhani hicho ni kifaa cha kimaskini akumbuke yaliyotokea Komoro. Mwaka 1938 meli ya uvuvi ya Afrika Kusini ilinasa silakanti, samaki ambaye wanasayansi walimjua kwa mabaki ya kwenye mawe tu na kuamini ametoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Profesa J.L.B. Smith akatafuta wa pili kwa miaka 14, akatangaza zawadi ya pauni 100 katika pwani yote hii. Aliyempata, Desemba 1952, ni mvuvi wa kisiwa cha Nzwani, Ahamadi Abdallah, kwa mshipi wa mkononi. Waziri Mkuu wa Afrika Kusini akatoa ndege ya jeshi ikamchukue samaki huyo. Kwa wavuvi wa pale hakuwa mgeni. Walikuwa na jina lake, gombesa, na walijua kwamba anakaa chini sana na kwamba hufuatwa usiku.

Mshipi unapita kwenye kidole cha shahada, na kila habari ya chini inafika hapo. Mjomba alinivalisha kidole kipande cha mpira wa baiskeli nisikatwe, kisha akakivua. Alisema kwa mpira ule sitasikia kitu, afadhali nikatwe kidogo. Alisema kweli. Chubwi ikigusa mchanga, uzi unalegea taratibu; ikigusa mwamba, unapata mshtuko mdogo mkavu. Tasi anadonoa haraka haraka na kukuachia ndoana tupu. Changu anagonga, anatulia, anagonga tena, na mkono mwepesi wa pupa unamnyang'anya chambo. Chewa habishi hodi: anameza na kukimbilia pangoni, na usipomnyanyua palepale, uzi utasagwa na jiwe. Yote haya unayapokea bila kuyaona, kwa ngozi ya kidole kimoja kilichokufa ganzi kwa baridi, huku macho yakitazama pengine.

Macho yalikuwa na kazi yao. Kupafikia mahali penyewe, Mjomba hakutumia kifaa chochote. Alisubiri nuru ya kwanza, akageuka kutazama kisiwa, akawa anatuelekeza kwa kafi: mnazi fulani uje mbele ya paa fulani la bati. Ulipokuja, tukawa tumeupata mstari mmoja. Tukaendelea juu ya mstari huo mpaka upande wa pili, kule kwenye kisiwa cha Pungume, ncha moja ya ardhi ikaifunika nyingine. Pale mistari miwili ilipokatana ndipo nanga ilipotupwa, na chubwi ikashuka juu ya mwamba. Mnazi ule aliurithi kwa baba yake, ambaye alivulia mnazi mwingine uliokwisha kuanguka. Ulipoanguka huo wa kwanza, ilibidi watafute mwingine unaosema habari ileile.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Kwenda nje kutoka Kizimkazi wakati wa kusi ni rahisi. Ncha ya kisiwa inauvunja upepo kidogo, alfajiri upepo wa nchi kavu unasaidia, tanga linajaa, na ngalawa inakimbia. Kurudi ndiko kugumu. Upepo uko usoni, inabidi ubishe, kwenda huku na huku, na kila unapopindua, foromali nzima, yaani mti unaobeba tanga, lazima izungushwe upande wa pili wa mlingoti huku ngalawa ikirukaruka. Juu ya hayo kuna maji. Kipindi cha bamvua bahari ya Unguja hupanda na kushuka karibu mita 4, na maji hayo yote yakihama hufanya mkondo. Mkondo na upepo vikienda njia moja, mawimbi hulala marefu. Maji yakigeuka, mkondo ukaja kuukabili upepo, mawimbi yaleyale husimama, yakawa mafupi, yenye kuta, yanayofuatana bila kumpa mtu nafasi ya kuvuta pumzi. Chombo kilichokuwa salama kinaweza kujaa maji kabla kahawa haijapoa.

Nahodha anaipigia hesabu saa hiyo tangu yuko ufukweni. Na saa hiyo haina adabu kwa samaki. Siku ile changu walikuwa wamekwisha kukubali, mkubwa kwa mdogo, mwenzangu wa Karatu akivuta huku anacheka peke yake, na kapu halijafika nusu. Mjomba alikuwa hatazami kapu. Alikuwa anatazama nje, kusini, ambako rangi ya maji ilikuwa imeanza kukoza na vichwa vyeupe vimeanza kuonekana kimoja kimoja. Akaigusa kamba ya nanga kwa kidole cha mguu, akasikiliza jinsi inavyovuta. Akasema, "Kunjeni mishipi, wanangu." Hakupandisha sauti. Mpwa wake akakunja palepale, na samaki aliyekuwa akigonga akaachwa agonge.

Huko ndiko kuvua. Mtu yeyote mwenye subira anaweza kufundishwa kufunga ndoana, na baada ya misimu michache kidole chake kitajifunza tofauti ya tasi na changu. Lakini kuacha samaki wanaokula, kapu halijafika nusu, nyumbani kuna watu wanaosubiri, mbele ya wageni uliotaka kuwafurahisha, kwa sababu ya kivuli cha rangi kwenye upeo wa macho ambacho wao hata hawakioni, kunataka mtu aliyeivishwa na kazi yenyewe. Tulipofika kwenye maji ya kina kifupi, kule tulikotoka kulikuwa kumeshakuwa kweupe.

Uamuzi ule niliuelewa haraka kuliko mwenzangu, na sababu ni Endulen. Kila mwanzo wa mwaka, mvua zikiwa zimeiva, uwanda wa Ndutu chini yetu unakuwa na majani mafupi matamu kuliko yote. Ng'ombe wanayanusa kwa mbali. Na ndio wakati nyumbu wanazaa huko kwa maelfu, na ndama wa nyumbu hubeba virusi visivyomdhuru nyumbu lakini vinavyomuua ng'ombe, na tiba haipo. Basi wazee wa Kimaasai wanawazuia ng'ombe juu, kwenye majani magumu ya milimani, mpaka ndama wale wakue kidogo. Wataalamu wa mifugo walikuja kuueleza ugonjwa huo katika maabara. Wafugaji walikuwa wameshausoma kwa mizoga. Kijana wa miaka kumi na michache anayesimama na fimbo kati ya ng'ombe wenye njaa na majani mabichi anafanya kazi ya Mjomba. Wazee wetu hawali samaki, na nilipowaeleza habari za ngalawa walikunja uso. Nilipofika kwenye kukunja mishipi, mmoja wao aliuliza maswali mengi: rangi ya maji ilikuwaje, nani aliamua, vijana walimbishia?

Nina wasiwasi na ufundi huu, na sitaki kuuficha. Baruti imevunja miamba mingi ya pwani yetu; mtu wa baruti hahitaji kujua chochote kuhusu changu, na akishapita, mnazi na paa la bati vinaelekeza kwenye kifusi. Miembe minene inazidi kuwa adimu, na boti za faiba zinachukua nafasi ya ngalawa. Boti hizo sizilaumu. Zinafika mbali, hazilowi ovyo, na mtoto wa mvuvi anastahili chombo kizuri. Ninachoogopa ni injini kumfanya kijana aamini kwamba kurudi ni suala la mafuta tu, aache kutazama kusini.

Mjomba ana dawa yake, na ningependa kila mwenye boti aige. Alfajiri, kabla hajasema neno, humwuliza mpwa wake mdogo, mvulana ambaye bado yuko shule: unaonaje? Mvulana anatembea mpaka ukingo wa maji. Anatazama mawingu, anatazama vyombo vilivyo kwenye nanga vimeelekea wapi, anahesabu ni siku ya ngapi tangu mwezi kuandama ili ajue bamvua imefika wapi. Wazee wa huko wana hesabu yao nyingine, ya miongo, siku kumi kumi zinazoanza na Nairuzi, mwaka mpya unaosherehekewa Julai hapo jirani Makunduchi kwa Mwaka Kogwa, na mvulana ameshaanza kuishika. Kisha anarudi na jibu, na Mjomba anamtaka alieleze.

Siku moja jibu lilikuwa kwamba hatutoki. Sisi wageni tuliona bahari nzuri kabisa. Mjomba alimwuliza kwa nini, mvulana akasema upepo wa nchi kavu haukuja usiku na mawingu ya chini yanakimbia kuliko jana. Mjomba akamtazama, akasema haya, leteni tanga. Tukalitandaza chini ya mkungu, akatugawia sindano, na mvulana akakaa kwenye kona iliyochanika zaidi kwa kuwa ndiye aliyekuwa na mkono mzuri wa kushona.