Waraka wa Mbudye

Chama chochote cha Likasi kinachojiheshimu, kiwe cha watu waliotoka kijiji kimoja au cha wastaafu wa migodi, kina karatasi yenye nembo na muhuri wa mpira ambao katibu hamwachii mtu. Baadhi ya Waluba waliokuja mjini hapa kufanya kazi katika kampuni ya migodi ya Union Minière, enzi mji ulipoitwa Jadotville, walitoka katika nchi iliyokuwa na chama chenye nyaraka zake bila karatasi wala wino. Chama hicho ni Mbudye, watunzaji wa historia ya ufalme wa Waluba. Waraka wao ni lukasa, ubao mdogo wa kushikwa mkononi.

Kazi inaanza na gogo. Tezo linaondoa nyama ya mti mpaka unabaki ubao wa urefu wa kama sentimita 25, mpana miishoni na mwembamba kiunoni. Kiuno hicho kina kazi: ndipo vidole vya mkono wa kushoto vinapoushika. Kisha kisu kinachukua zamu. Uso wa mbele unachimbwa kidogo uwe na bonde, na mgongo unaachwa utune. Ugeuze ubao uone: mgongo ni gamba la kobe, na kobe ni alama ya Mbudye. Juu yake mchongaji amekata mistari, pembetatu zikipandana na misambamba, safu baada ya safu. Kuchora mstari ulionyooka juu ya kitu kilichopinda si mchezo. Kisu kikiteleza mara moja, jeraha linabaki, maana mti haufutiki. Katika mbao nzuri mistari inakutana pembeni bila kubanana, kana kwamba mtu aliihesabu yote kabla ya kukata wa kwanza. Mbao nyingine zina kichwa cha mtu kilichochongwa upande wa juu, macho yamefumbwa nusu.

Halafu zinakuja shanga, na hapa ndipo ningependa kukaa. Kauri zilitoka Bahari ya Hindi na shanga za kioo zilifika kwa misafara ya biashara, kwa hiyo hakuna iliyowekwa ovyo. Kila moja inashikiliwa na kijiti au kisumari chembamba cha chuma, kinachopita katika tundu lake na kuzama mtini. Ukigonga kwa nguvu, kioo kinapasuka au mti unachanika. Ukigonga kwa woga, ushanga unalegea na kuanguka baada ya kupapaswa miaka michache. Mkono unaoiweza kazi hii unajua kuacha mapema. Kwenye mbao za zamani utaona visumari vilivyosimama peke yake, shanga zake zimekwenda.

Mpangilio wake ni elimu. Ushanga mkubwa uliozungukwa na wadogo unaweza kuwa mfalme na watu wake. Shanga zilizopangwa mstari zinaweza kuwa njia, safari ya kuhama. Rangi ina neno lake, ukubwa una lake, na nafasi iliyoachwa wazi nayo haikuachwa kwa uvivu. Kuna ubao wa mashujaa na safari za mwanzo, lukasa lwa nkunda, na kuna lukasa lwa kabemba, unaohusu mpangilio wa Mbudye yenyewe.

Kuusoma ni ufundi wa pili. Wasomaji wanaitwa bana balute, watu wa kumbukumbu, nao hawafiki hapo mpaka wamepanda ngazi za chama. Ubao unalazwa kiganjani, kushoto. Kidole cha shahada cha kulia kinapita juu ya shanga, na sauti inakifuata. Kidole kinapita kwa Nkongolo Mwamba, mtawala mkatili, kwa Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki, na kwa mwanawe Kalala Ilunga. Nkongolo amechimba shimo, amelifunika kwa mkeka, anamwita kijana aje acheze. Kalala anacheza mkuki mkononi, anapima ardhi kwa ncha yake, na mkeka unatoboka. Kidole kinasogea.

Mwaka 1996 watafiti Mary Nooter Roberts na Allen F. Roberts waliandaa maonyesho makubwa ya sanaa ya Waluba huko New York, na lukasa zilikuwemo. Watazamaji wengi hupenda waelezwe ushanga huu ni nini, ule ni nini. Nadhani wanauliza swali la karatasi. Hakuna kamusi ya lukasa. Mbele ya mfalme fulani msomaji atakaa zaidi juu ya ukoo wake. Katika kesi ya mpaka atafuata shanga zilezile kama vijiji na njia. Wasomaji wawili wanaweza kutofautiana, na wote wakawa wameshika ubao mmoja, bila hata mmoja kuhamisha ushanga.