Kiti kwa Bunduki, Kiti kwa Maneno: Tippu Tip kama Msimulizi

Wengi wetu tunapokitaja kitabu cha Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, tunakifanya ghala la historia: tunachota majina na safari, basi. Katika makala haya nadai kwamba toleo lile la East African Literature Bureau la mwaka 1966 lina kazi ya fasihi ndani yake, na kwamba usanii wake ndio unaotakiwa kututia wasiwasi.

Tuanzie Unyanyembe. Alipofariki Mtemi Fundikira, mnamo 1858, kiti kiligombewa. Mnywa Sere alikipata, lakini alipowatoza ushuru wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, wakamwondoa na kumweka mpinzani wake, Mkasiwa. Mnywa Sere hakukubali. Alipigana akizisumbua njia za misafara mpaka alipouawa mwaka 1865. Vita hivyo, na vile vya Mirambo vilivyoifunga njia mwaka 1871, viliumiza mpaka kwetu ufukweni: njia ikifungwa Tabora, Ujiji bidhaa za pwani hazifiki.

Sasa tuvuke ziwa twende Utetera. Huko Tippu Tip anapata kiti kwa mdomo. Mwenyewe anatueleza jinsi alivyopata habari za wanawake wa ukoo wa Mtemi Kasongo Rushie waliotekwa zamani na kupelekwa Urua, akajenga hadithi kwamba bibi yake mzaa mama alikuwa mmoja wao. Mzee Kasongo akaamini, akamwachia mjukuu huyo utawala, na pembe za ndovu zikaanza kuletwa kwa bwana mpya.

Hapa ndipo penye kazi ya mhakiki. Kifani, tukio hili ni la ngano kabisa: mgeni mjanja, mzee mwenye majonzi ya ndugu waliopotea, nasaba inayofichuliwa. Msimulizi anatumia nafsi ya kwanza, hajitetei, wala haombi radhi. Sisi wasomaji tunacheka, tunasema jamaa ni sungura kweli! Na tukishacheka, tumekwishakuwa upande wake. Yule mzee aliyetamani kumwona tena mtu wa damu yake anageuka kuwa fisi wa hadithi, mpumbavu tu.

Wapo watakaosema kuwa hila ni bora kuliko damu ya Unyanyembe. Sikubaliani nao. Hadithi ile ilisikilizwa kwa sababu nyuma ya msimulizi zilisimama bunduki. Bila hizo, nani angemvumilia mgeni anayejiita mjukuu?

Kwangu mimi niliyekulia Ujiji jambo hili si la darasani tu. Mitaani kwetu wapo Wamanyema ambao wazee wao walivuka ziwa, wengine kama watumwa, wengine kama wapagazi, wengine kwa hiari. Wakikifungua kitabu hiki wanawakuta watu wa ng'ambo wakihesabiwa, wakitekwa, wakidanganywa, lakini ni nadra sana kuwakuta wakisimulia. Kasongo Rushie hakuacha kitabu. Mnywa Sere naye hakuacha. Tunamsikia kwa akina Speke, aliyekutana naye mwaka 1861.

Basi wenzangu, tukikisoma tena, tusiulize tu nani alishinda kiti. Tuulize nani alibaki na kalamu, na kicheko chetu kinamlipa nani.