Pipa, Picha na Barua ya Kwanza

Katika mitaa ya Florida iliyo chini ya vyama vya wamiliki wa nyumba, barua inayonisumbua zaidi kichwa ni ile ya kwanza: ukumbusho wa kirafiki kwa aliyeacha pipa la taka barabarani au ukoka ukarefuka kupita kiasi. Zinazofuata zimeshawekewa njia. Kifungu 720.305 cha sheria za jimbo kinadai ilani ya maandishi ya siku 14 kabla ya kikao cha faini, mbele ya kamati ya watu wasiopungua 3 ambao si wajumbe wa bodi wala jamaa zao wa karibu. Faini yenyewe, hati za mtaa zisiposema vinginevyo, haizidi dola 100 kwa kosa, na kosa linaloendelea siku hadi siku hukomea dola 1,000.

Ukumbusho ni adabu tu, na hapo ndipo uandishi wake unapowashinda wengi.

Tuchukue pipa. Tangu Julai 1, 2024, kwa sheria ya jimbo, chama hakiruhusiwi kumtoza mtu faini kwa pipa lililo nje ndani ya saa 24 kabla au baada ya muda uliopangwa wa kuzoa taka. Taka zikizolewa Jumatatu asubuhi, picha iliyopigwa jioni yake haina kazi. Ya Jumatano saa 3 asubuhi ina kazi, mradi siku na saa vimeandikwa. Barua nzuri huanzia hapo, kwa kilichoonekana: “Jumatano saa 3 asubuhi pipa lenu lilikuwa bado barabarani.” Ile mbaya huanza na “Umekiuka kanuni.” Nimezileta sentensi hizi kwa Kiswahili kwa makusudi, kwa kuwa ngeli zetu zinaonyesha tofauti waziwazi: katika “umekiuka” kiambishi u- kinamnyooshea mtu kidole, ilhali li- cha “lilikuwa” kinalizungumzia pipa. Mwenye nyumba anaweza kulihamisha pipa bila kwanza kukubali kwamba yeye ni mkosaji.

Kisha iwepo kanuni kwa namba yake, na kitakachomaliza jambo: pipa likae nyuma ya ua ifikapo Ijumaa jioni. “Tushirikiane kutunza mandhari ya mtaa wetu” ni maneno matamu yasiyomwambia msomaji anyanyue nini. Baya zaidi ni barua inayoanza kwa “jirani mpendwa” na kufungwa kwa “hatua za kisheria.” Msomaji atakumbuka mkia wa barua na kusahau kichwa chake. Vitisho vingoje ilani rasmi.

Kwa mapambo ya sikukuu, sheria hiyohiyo ya 2024 imeugeuza ukumbusho kuwa karibu lazima: taa za Krismasi zikipitiliza muda wake, faini haitozwi mpaka wiki moja ipite baada ya mwenye nyumba kuarifiwa kwa maandishi. Barua ya kirafiki yenye tarehe inaweza kuubeba mzigo huo. Simu au salamu za dirishani haziwezi.

Anwani nayo ina mitego. Nyumba nyingi zimepangishwa: mpangaji huichana barua, mmiliki aliye mbali hasikii kitu. Nakala ziwe mbili. Sahihi iwe ya mtu mwenye jina na namba ya simu, maana pengine mwenye pipa amelazwa hospitali, na habari hiyo haiwezi kuifikia sahihi iliyoandikwa “Uongozi.”

Lililo gumu zaidi ni usawa. Mahakamani, mwenye nyumba anaweza kujitetea kwamba kanuni imetumika kwake peke yake. Kwa hiyo daftari la barua lionyeshe kwamba pipa la mwenyekiti lilipobaki nje, naye aliandikiwa hivyohivyo, kwa maneno yaleyale.

Jumamosi mtu apite tena kutazama. Kama pipa limeondoka, mwenyewe atumiwe mstari mmoja wa kumjulisha kwamba faili limefungwa. Mstari huo ndio husahauliwa, halafu bodi hushangaa kwa nini bahasha zake hazifunguliwi.